Yadi 40, robo maili na ubishi wa watu wa Michigan

Wiki ya mwisho ya Novemba ukiingia gereji hapa kusini mwa Michigan ujue kazi haiendi. Gari ipo juu ya jeki, oili inachuruzika kwenye beseni, na watu watatu wamesimama na spana mkononi wanabishana. Mi nimekulia Dar, Simba na Yanga nimezaliwa nikazikuta, nilidhani ubishi wote nimeshausikia, alafu nikaja huku nikakuta watu wanabishana mpira wa Kimarekani na magari kwa wakati mmoja, sentensi inaanza na kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi, inaishia kwenye giaboksi na wote pale wanaelewa mtu anaongelea nini.

Kwetu gereji wapo wawili ndo wenyewe. Mmoja ni jamaa wa Mustang, gari ya Ford, mtoto wa Michigan, gari yake imeundwa Flat Rock hapo kusini ya Detroit na anakwambia hilo kabla hajakwambia jina lake. Wa pili ni mzee wa Ohio, alihamia huku kufuata kazi miaka mingi iliyopita ila moyo aliuacha Columbus, makao makuu ya Ohio, ana Camaro ya 1969, Chevrolet ya General Motors, aliyoijenga mwenyewe, na hoja yake haijawahi kubadilika: Camaro ni mali ya Ohio maana kiwanda cha Norwood, Ohio ndo kiliziunda hadi kilipofungwa 1987. Jamaa wa Mustang jibu analo siku zote. "Mzee, gari yenu ilizaliwa Ohio ikaja kufia Michigan." Na ni kweli, Camaro ya mwisho ilitoka kiwandani Lansing Desemba 2023, basi hapo mzee anainamia injini kimya kama dakika mbili hivi, akishavuta pumzi anaanza upya na mpira.

Nimewasikiliza hawa watu miaka sasa na kuna kitu nimekiona nataka nikiseme vizuri, maana kuna vijana wetu wanakikosea na wanalipa kwa damu. Ubishi wa hawa wawili haujawahi kuvunja urafiki kwa sababu una pa kuishia. Mpira una ubao wa matokeo. Mbio za magari za robo maili zina karatasi ya muda unayopewa dirishani ukishamaliza kukimbia, imeandikwa kila kitu, huwezi kubishana nayo. Ubishi wa barabarani usiku, magari mawili kwenye taa yanasubiri kijani, huo hauna ubao wala karatasi, kwa hiyo hauishi, unaendelea tu wiki baada ya wiki mpaka ukutane na gari ya mtu asiyehusika.

Kwanza uelewe hapa gari na timu ni vitu vya kurithi. Babu akifanya kazi Ford basi ukoo mzima ni Ford, harusini Ford msibani Ford. Mwaka 2006 kiwanda cha malori cha Ford pale Dearborn kilitoa amri kwamba parking ya karibu na mlango ni ya wenye magari ya familia ya Ford tu, ukija na gari ya kampuni nyingine kaegeshe mbali utembee. Na timu ya mji, Detroit Lions, ni ya ukoo huohuo, William Clay Ford mjukuu wa Henry Ford mwenyewe aliichukua 1963 na mpaka leo ipo kwao, sa hivi kiti kikuu anakalia binti yake Sheila Ford Hamp, na uwanja unaitwa Ford Field. Sasa fikiria wewe umekula mshahara wa General Motors maisha yako yote, una Chevrolet mbili uani, alafu Jumapili unakwenda kukaa chini ya jina la mpinzani wako kushangilia timu ya mpinzani wako. Ndo maana utani wa Detroit una uchungu ndani yake. Mwaka 2008 Lions walicheza mechi 16 wakafungwa 16, na wazee wa Chevy mpaka leo wanakumbushia, wanasema gari ya Ford ikiwa na hitilafu kampuni inakuandikia barua urudishe wakatengeneze bure, timu ndo haina pa kurudishwa.

Alafu Januari 2024 ikafika. Lions wakashinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 32, 24 kwa 23 dhidi ya Rams wa Los Angeles, na kwotabeki wa Rams alikuwa Matthew Stafford ambaye Detroit walimtoa 2021 wakachukua Jared Goff ambaye Rams hawamtaki. Gereji jambo hilo lilisimuliwa kama habari ya injini mbili kubadilishana magari: moja ikaenda California ikachukua ubingwa ndani ya mwaka mmoja, nyingine wote wakasema imechoka, kumbe ilikuwa inataka fundi anayeisikiliza. Usiku ule nilimwona mtu mzima wa miaka 70 na zaidi analia mbele ya televisheni, na mkewe anamfuta machozi naye analia. Mtu ambaye hajaishi na timu inayofungwa hawezi kuelewa, sisi tuliozaliwa na timu zetu tunaelewa.

Lakini mechi yenyewe ya ugomvi, ile ya wiki ya mwisho ya Novemba, ni ya vyuo, Michigan na Ohio State. Hao ndo watani wa jadi wa huku, wanacheza tangu 1897, na kabla hata ya mpira haya majimbo yalishakunjiana ngumi mwaka 1835 kugombea Toledo, Ohio wakaupata mji, Michigan wakapewa lile eneo kubwa la kaskazini lenye misitu na madini. Wiki ya mechi kule Columbus wanapita chuoni wanafunika herufi M kwenye mabango yote kwa alama nyekundu ya mkasi. Michigan wenyewe wana uwanja Ann Arbor unaingiza watu 107,601, zaidi ya Lupaso wa Benjamin Mkapa mara moja na nusu, na huo ni uwanja wa chuo.

Kisa kinachopendwa kuliko vyote gereji ni cha kocha Woody Hayes wa Ohio State. Inasimuliwa kwamba alikuwa anarudi usiku kutoka kusaka wachezaji Michigan, mafuta yameisha kwenye tanki, msaidizi wake anamwomba wasimame sheli, mzee akakataa katakata, akasema heri tulisukume hili gari mpaka mpakani kuliko niwaachie Michigan hata senti moja. Mzee wetu wa Ohio akisimulia hiki kisa anasimama wima kabisa. Na jamaa wa Mustang, ambaye kisa amekisikia pengine mara 100, anamwacha amalize bila kumkatiza, hiyo heshima ipo hata kwenye utani.

Sasa kwa nini mpira huu na magari haya vinakaa mdomo mmoja? Wengi watakwambia ni wanaume na nguvu, basi. Mi naona ni zaidi ya hapo, ni kwamba vyote viwili vinapimwa kwenye kuchomoka. Mechi ya mpira wa Kimarekani inachukua kama masaa matatu lakini waliokaa na saa wakahesabu muda ambao mpira unachezwa kweli walipata kama dakika 11 tu, kwingine kote ni kusimama, kupanga, kuinama, alafu sekunde tano sita za moto. Robo maili ni vilevile, mita 402, unapoteza Jumamosi nzima kwenye foleni kwa ajili ya sekunde 12. Na namna ya kuondoka ni ileile. Yule mchezaji wa mstari wa mbele mwenye kilo 140 anainama, mkono mmoja chini, uzito kausogeza, anasubiri mpira uguswe, na hatua yake ya kwanza ndo inaamua nani atamsukuma nani. Gari nalo likikanyagwa uzito unarudi nyuma, linakaa, tairi za nyuma zinaikandamiza lami, na zile futi 60 za kwanza, mita 18 na kidogo, ndo zimeshaamua karibu kila kitu, ukizikosa hapo nguvu zote utakazoweka mbele ni za kukimbiza basi lililoondoka. Mchezaji akitikisika kabla ya mpira kuguswa anarudishwa yadi 5. Dereva akiondoka kabla ya kijani taa nyekundu inawaka na mbio zimeisha, ameshindwa palepale hata kama gari yake ni roketi.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo maana watu wengi hawakijui. Kila mwaka wachezaji wanaotoka vyuoni wanapelekwa Indianapolis wanakimbizwa yadi 40, kama mita 36 na nusu, na namba inayotoka pale inaweza kumpa mtu mamilioni. Rekodi ni ya Xavier Worthy, sekunde 4.21 mwaka 2024, alivunja ya John Ross wa 2017 ambaye alikuwa na 4.22. Ila saa ya pale haianzi kwa filimbi, inaanza mchezaji mwenyewe akijitikisa, yaani haipimi hata kidogo anachelewa kiasi gani kushtuka. Karatasi ya robo maili nayo ndo hivyohivyo, muda wa gari unaanza kuhesabiwa gari ikiuacha mwanga wa mstari wa kuanzia, taa ya kijani iwe imewaka zamani au sa hivi. Kuna namba nyingine pembeni inaonyesha dereva alichelewa kiasi gani baada ya kijani, na hiyo ndo vijana hawaiangalii. Unaweza ukawa na karatasi ya 12.6 ukapigwa na mwenye 12.8 kwa sababu ye aliona taa na wewe ulikuwa unaota. Huyo Ross wa 4.22 alichaguliwa wa 9 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na hakuwahi kuwa mchezaji mkubwa waliyemtarajia. Na mwaka 2000 kuna kijana wa chuo cha Michigan alikimbia 5.28, ukiangalia video utasema huyu aliumwa, akachaguliwa wa 199, akaja kuchukua Super Bowl, fainali ya ubingwa, mara 7. Tom Brady. Jina hilo ukilitaja gereji jamaa wa Mustang anakunja mikono kifuani na mzee wa Ohio anaenda kutafuta kahawa.

Kwa hiyo namba ni nzuri, nazipenda, lakini namba ina mazingira yake na ukiing'oa kule ukaileta barabarani inageuka kitu kingine. Chukua Dodge Challenger Demon. Ya 2018 ilitoka na hosipawa 840 ukiweka mafuta ya mashindano, robo maili sekunde 9.65, mpaka chama cha mbio hizo NHRA kikaandika barua kwamba gari hii haina kizimba cha chuma cha kumlinda dereva kwa hiyo kwa muda huo hairuhusiwi kwenye mashindano yake. Ya 2023, Demon 170, ikaja na hosipawa 1,025 na sekunde 8.91. Vijana wanazikariri hizi kama jedwali la kuzidisha. Wanachoacha kukariri ni kwamba namba kama hizo zinapatikana kwenye uwanja wa mbio uliopuliziwa dawa ya kunata, ukipita na viatu unasikia soli inavutwa, tairi zimechomwa kwanza mpaka zitoe moshi zipate joto. Barabara ya mjini mwezi wa Oktoba ni baridi, ina vumbi, ina mchanga, ina majani yaliyolowa. Ukikanyaga pale tairi inazunguka bure, gari linakwenda upande, na upande wa barabara kuna watu wamesimama na simu wanarekodi. Kwa hiyo hata ule ubishi wenyewe barabara haiwezi kuuamua, aliyeshinda pale kashinda kwa kuwa mwenzake aliteleza au aliogopa, na kuogopa kwenye barabara ya watu ni akili.

Novemba 2021, Las Vegas. Henry Ruggs, mchezaji wa timu ya Raiders aliyekimbia yadi 40 kwa 4.27, mmoja wa watu wenye kasi kuliko wote kwenye mchezo huu, alikuwa amelewa kwenye Corvette, kilomita kama 250 kwa saa kwenye mtaa, akaigonga Toyota kwa nyuma. Ndani alikuwemo binti wa miaka 23 na mbwa wake, Toyota ikawaka moto, wote wakafa. Ruggs alikiri kosa na 2023 akahukumiwa miaka 3 hadi 10. Januari mwaka huohuo 2023 chuo cha Georgia wametoka kuchukua ubingwa wa vyuo, mji mzima umeshangilia, na masaa machache baada ya sherehe magari mawili ya watu wa timu yakawa yanashindana usiku, polisi walisema zaidi ya kilomita 160 kwa saa, mchezaji mmoja na mfanyakazi mmoja wa timu wakafa. Walikuwa mabingwa, walishaushinda ubishi wote wa msimu, ubao ulishasema 65 kwa 7, na bado usiku ule kuna mtu alitaka kujua nani ana kasi zaidi kutoka pale hadi nyumbani.

Hesabu yake ni fupi: spidi ikizidi mara 3, nguvu ya kugonga inazidi mara 9. Gari kama Dodge Charger ina karibu tani 2. Toyota ya mtu anayerudi kazini haijaundwa kwa hesabu hiyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja. Lansing na Grand Rapids wamejaa vijana wetu wa Kikongo, waliokuja wadogo kutoka makambini, Nyarugusu, Kyangwali, wamesoma hapa, wamecheza mpira wa hapa shuleni, wameanza kazi kwenye maghala na viwanda, na mshahara wa kwanza ukishakaa vizuri kitu cha kwanza ni Charger iliyotumika. Siwalaumu hata kidogo. Gari ile ikiwashwa asubuhi mtaa mzima unajua mtoto wa fulani amefika Marekani. Mama anaisikia anacheka, ingawa bima ya Michigan inamnyonya kijana kila mwezi hela ambayo ingejenga nyumba kidogokidogo kule nyumbani. Shida ni kwamba hawa vijana ubishi wameujua kwenye simu na kwenye taa za barabarani, hawana babu wa kuwapeleka kwenye uwanja wa mbio kama wenyeji walivyopelekwa, hivyo wanadhani mbio ni zile za mtaani. Wakati hapahapa Michigan kipande cha Woodward Avenue kule Pontiac kimekuwa kikifungwa kihalali watu washindane, na Woodward ndo barabara yenyewe ambako zamani, miaka ya 60, hata mainjinia wa viwanda walikuwa wanatoka na magari usiku kujaribu. Wenyeji wamejifunza kwa kuzika. Sioni kwa nini sisi tuanzie na kuzika tena.

Basi mwaka jana mwezi wa sita tulimchukua mmoja, kijana wa Lansing mwenye Charger Scat Pack, lita 6.4, hosipawa 485, mdomo hosipawa zaidi ya hapo, maana alikuwa kila akija kubadilisha oili anamwambia mzee wa Ohio ile Camaro yake ni ya makumbusho. Mzee akamwambia sawa, twende Norwalk. Norwalk ipo Ohio, kuna uwanja wa mbio za robo maili. Jamaa wa Mustang alijaza tanki mpaka shingoni Monroe, upande wa Michigan, na akabeba dumu la akiba kwenye buti, akasema kwa sauti ili mzee asikie kwamba leo Ohio hawapati senti yake, na mzee alicheka mpaka akaegemea gari.

Kijana alilipa kiingilio, akakaguliwa tairi, mikanda na helmeti kama wengine wote, na nilimwona anabadilika uso, kwa sababu kule kuna gari ya wagonjwa imewasha taa inasubiri, kuna watu wa zimamoto wamevaa tayari, na hakuna anayecheka juu ya hilo. Mbio ya kwanza alizungusha tairi zote za nyuma akatoka na 13.4. Ya pili akapoa. Ya tatu wakampanga na mzee. Taa za njano zikashuka, kijani, Camaro ikachomoka, Charger ikafuata kwa mlio wa kutikisa kifua, ikaikaribia, ikaikaribia, lakini mzee akapita mstari mbele kwa urefu kama wa magari matatu.

Dirishani wakapewa karatasi. Mzee 12.7. Kijana 12.6. Kijana akaruka juu, akanishika bega, akaniita yaya kama Wakongo wanavyomwita ndugu mkubwa, "Yaya, angalia, mi ndo nimekimbia zaidi!" Nikamwonyesha namba ya pembeni. Mzee alichelewa sekunde 0.1 baada ya kijani, ye alichelewa 0.5. Akaisoma mara mbili, akaniambia taa ndo ilichelewa, alafu akaisoma tena akanyamaza.

Jamaa wa Mustang akaja akampigia mzee saluti. "Mzee, umekimbia taratibu kuliko mwenzako na bado umemshinda. Wewe leo ni Tom Brady kabisa."

Mzee akatukana kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia gereji. Kijana akacheka mpaka machozi, akaikunja ile karatasi mara mbili akaiweka kwenye waleti nyuma ya kitambulisho, na njia nzima ya kurudi Michigan alikuwa anamuuliza mzee vitu kuhusu tairi.